Kudhulumu: Je, Tunajua Maana Yake?

Asubuhi moja ya siku ya kliniki alifika kwetu mama mmoja wa watoto wanne, akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na usingizi hapati. Tulipompima, presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Tukamwuliza kama aliwahi kuugua ugonjwa huo, akasema hapana. Tukamwuliza kama kuna jambo linalomsumbua moyoni, akainama na kuzungusha kadi yake mkononi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo: "Baba watoto alifariki mwezi wa tatu. Mashemeji wamechukua nyumba na gari. Wamechukua tu."

Kwenye benchi alikuwapo bibi mzee aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu. Hakuulizwa na mtu, lakini alisema: "Mwanangu, usiseme wamechukua. Maji ndiyo huchukuliwa kisimani. Wewe wamekudhulumu."

Mama yule akaanza kulia. Baadaye alituambia kwamba tangu siku ya mazishi hakuwa amelia, kwa sababu kila mtu alimwambia kwamba hayo ni mambo ya ukoo, na kwamba mke mwema hagombanii mali. Alikuwa amekwisha amini kwamba uchungu wake ni tamaa tu. Neno la yule bibi ndilo lililompa jina la kile alichotendewa.

Msomaji mpendwa, sisi kazi yetu ni uuguzi, nayo tumeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Jumamosi tunatumika katika kamati ya wajane kanisani kwetu. Si walimu wa lugha wala si mawakili. Lakini tumejifunza kwamba ugonjwa usiojulikana jina hautibiki, na ndivyo ilivyo hata kwa neno hili. Tunalisikia kila siku sokoni, kwenye daladala na vikaoni. Hebu mwezi huu tukae nalo kidogo, tujue maana yake hasa, na tuone linagusa wapi katika nyumba zetu.

NENO LENYEWE

Kudhulumu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, kama yalivyotujia maneno haki, sheria na hakimu. Wajuzi wa Kiarabu hueleza kwamba asili ya maana yake ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Maelezo hayo sisi akina mama tunayaelewa upesi. Cherehani ya mjane ikiwa inashonea nyumbani kwa wifi yake, kitu kimewekwa mahali pasipo pake. Mshahara wa msichana wa kazi ukiwa kwenye pochi ya tajiri wake hadi mwezi wa nne, nao uko mahali pasipo pake.

Katika Kiswahili chetu, kumdhulumu mtu ni kumnyang'anya au kumzuilia haki yake pasipo sababu ya halali, kwa nguvu, kwa hila au kwa kutumia cheo. Kitendo chenyewe huitwa dhuluma. Anayekitenda ni mdhulumu, na kama ndiyo tabia yake huitwa dhalimu. Anayetendewa ni mdhulumiwa. Watu wakitendeana hivyo tunasema wanadhulumiana, na mtu akijitendea mwenyewe amejidhulumu. Neno hili la mwisho tutalirudia, kwa maana linatuhusu sana.

Wengi wetu tunaotoka bara hutamka "zulumu". Usione haya, maana inaeleweka. Lakini uandikapo barua kwa mwenyekiti wa mtaa au mahakamani, andika kwa dh, kama katika dhahabu.

Sasa angalia jambo moja. Tunasema, "Mwizi ameiba shamba la mahindi," na hapo macho yetu yako kwenye mahindi. Lakini tunasema, "Wamemdhulumu mjane shamba lake." Kabla hatujafika kwenye shamba, tumekwisha kutana na mjane. Kitenzi hiki humtazama mtu kwanza, na mali baadaye. Ndiyo maana mali iliyoibwa ikirudishwa watu husema yamekwisha, lakini aliyedhulumiwa hata akirudishiwa kitu chake bado ana kidonda. Alipunguziwa utu wake, wala si vyombo vyake tu.

NDUGU ZA NENO HILI

Kuna maneno mengine yanayokaa jirani na kudhulumu, nasi huyachanganya. Tuyatazame machache.

Kunyima ni kukataa kutoa. Si kila kunyima ni dhuluma. Jirani akikunyima chumvi amekuwa mchoyo, lakini hakukudhulumu, kwa kuwa chumvi ilikuwa yake. Baba akimnyima mkewe fedha ya matumizi ya nyumba huku anayo, hapo ni jambo lingine, kwa sababu matunzo ni haki ya mke na watoto.

Kupunja ni kutoa pungufu ya kinachostahili. Mwenye duka aliyebonyeza mizani kwa kidole amekupunja. Kupunja kukizoeleka, kukawa ndiyo biashara yenyewe, huwa dhuluma.

Kuonea ni kumtesa au kumsumbua mtu kwa sababu tu ni mnyonge. Mtoto mkubwa humwonea mdogo. Mara nyingi kuonea na kudhulumu huenda pamoja, lakini unaweza kuonewa kwa maneno tu, bila kupoteza kitu.

Kukiuka, asili yake, ni kuinua mguu na kuvuka kitu. Tunasema fulani amekiuka sheria, au amekiuka haki za binadamu. Neno hili hutumika sana katika redio na magazeti. Ni neno zuri, lakini linautazama mpaka uliovukwa, wala halimtazami sana aliyelala upande wa pili wa mpaka huo akakanyagwa.

Kudhuru ni kuleta madhara. Hili huchanganywa mno na kudhulumu kwa sababu ya kufanana kwa sauti. Sisi hospitalini hueleza hivi: dawa iliyokwisha muda wake inaweza kukudhuru, lakini dawa haina uwezo wa kukudhulumu. Aliyekuuzia huku akijua imekwisha muda ndiye aliyekudhulumu. Mafuriko hudhuru, na nzige hudhuru. Dhuluma hufanywa na mtu mwenye akili zake, aliyejua kwamba kitu si haki yake akakifanya.

DHULUMA ILIYOVAA NGUO NZURI

Pengine utasema, "Mimi sijamdhulumu mtu." Nasi tulisema hivyo. Ugumu wa dhuluma ni kwamba mara nyingi haiingii nyumbani ikiwa na panga. Huingia imevaa nguo nzuri, na kila nguo ina jina lake.

Nguo ya kwanza ni mila. Binti huambiwa hana fungu kwa baba yake kwa sababu ataolewa. Akiolewa na kufiwa, huambiwa hana fungu kwa mumewe kwa sababu alikuja tu. Basi mwanamke huyu kwao ni wapi? Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa na kutangazwa na serikali yetu mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Tanzania, mafundi cherehani, walioondolewa katika nyumba zao kwa kanuni hizo. Kamati ilisema haki zao zilikiukwa. Nchi yetu iliuridhia mkataba huo mwaka 1985.

Nguo ya pili ni ulezi. "Tunamtunzia mtoto mali mpaka akue." Akikua, mali imekwisha kutunzwa hadi ikaisha.

Nguo ya tatu ni upendo. "Mume na mke ni mwili mmoja, ya nini kuandika jina lake kwenye hati?" Kweli ni mwili mmoja, lakini mbona jina lililoandikwa ni la kiungo kimoja tu?

Nguo ya nne ni hisani, na hapa itatubidi tuungame.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na msichana wa kazi aliyetoka kijijini. Alikuwa binti mwaminifu. Watoto wetu walimpenda, naye alituita mama. Tulimvisha, tulimpeleka kanisani, na alipougua tulimtibu wenyewe. Kuhusu mshahara tulimwambia tunamwekea, ili asije akautapanya. Akivunja kikombe tulikata. Akipoteza mkeka tulikata. Mwezi ambao ada za shule zilibana, tuliazima katika akiba yake bila kumwambia, tukisema moyoni tutarudisha. Alipoaga ili akajifunze ushonaji, tulimpa kiasi fulani na vitenge viwili. Alishukuru na kupiga magoti. Sisi tukajiona tumemfadhili.

Siku ile bibi mzee alipolitamka neno lake kliniki, jioni tulirudi nyumbani nalo. Tulikaa na kalamu na daftari. Tulipojumlisha tulichoahidi, tukatoa tulichompa, tukakuta tunadaiwa mishahara ya miezi 7. Tulimaliza hesabu ile tukiona aibu kuu. Mchana tulikuwa tumewahukumu mashemeji wa mama yule, na jioni tukakuta nasi tuko kundi moja nao.

Tulimtafuta binti yule kwa njia ya ndugu zake. Amekwisha olewa na ana mtoto mmoja. Tulipompelekea fedha zake na kumwomba radhi, alikaa kimya, kisha akasema, "Nilijua, mama. Lakini ningesemaje?" Hakutulaumu kwa neno jingine. Hatujalisahau swali lile. Mdhulumiwa mara nyingi anajua. Kinachomkosesha usemi ni kwamba anakula mezani kwako.

MAANDIKO HAYAKUKAA KIMYA

Tunaosoma Biblia tunaifahamu habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alitaka kulinunua, Nabothi akakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Tuone jinsi dhuluma ile ilivyofanyika: kulikuwa na barua zenye mhuri, kulikuwa na wazee wa mji, kulikuwa na mashahidi wawili, na ilitangazwa siku ya kufunga. Kila kitu kilifanana na haki, ila haki yenyewe. Na tusisahau, mama wenzangu, kwamba aliyeandika barua zile alikuwa mwanamke.

Kwa upande wa pili wako mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Hawakunung'unikia jikoni. Walikwenda mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mkutano wote, wakaomba fungu la baba yao. Mungu alimwambia Musa kwamba mabinti hao wamesema kweli, na wakapewa urithi. Basi yule asemaye kwamba mwanamke Mkristo haulizi haki yake, na asome kitabu cha Hesabu sura ya 27.

Tena yuko Zakayo. Hakuishia kusema, "Nisameheni." Aliahidi kurudisha mara nne. Toba ya dhuluma ina hesabu ndani yake.

SHERIA YETU INASEMAJE

Wengi wetu hukaa kimya kwa kudhani sheria iko upande wa wenye nguvu. Si mara zote. Haya ni machache ya kukumbuka kwa sisi wa Tanzania.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Inasema wazi pia kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadhibu.

Kazi za nyumbani nazo zina thamani. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuongezewa zaidi ya alichokwisha pewa, lakini mlango alioufungua umewapitisha wengi walioambiwa, "Wewe ulikuwa unakaa tu nyumbani."

Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi ya Bibi Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wasia. Alipoliuza mwaka 1988, mpwa wake alifungua shauri kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilitamka usawa wa wanawake na wanaume katika kupata na kumiliki ardhi.

Na katika mirathi, shikeni neno hili: msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili, na kurudisha hesabu mahakamani. Shemeji aliyeteuliwa kuwa msimamizi hakupewa nyumba, amepewa mzigo. Akiigeuza kuwa yake, amedhulumu, na mahakama inaweza kumwondoa.

Kwa wanaotusaidia kazi za nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu pia. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Mwajiriwa hulipwa mshahara wake kwa wakati, wala haukatwi ovyo kwa vikombe.

NENO LISITUMIKE KUFICHA

Kuna jambo moja ambalo sisi wauguzi hulisema kwa nguvu. Mara nyingine mzazi huleta mtoto na kusema, "Jirani amemdhulumu mwanangu," akimaanisha kwamba mtoto amebakwa au amelawitiwa. Tunaielewa aibu hiyo, na huko Kenya magazeti huita makosa ya namna hiyo dhuluma za kimapenzi. Lakini ukifika kwa muuguzi au polisi, sema jambo kwa jina lake. Neno la kufunikafunika linaweza kuchelewesha matibabu na kuharibu kesi.

Usimwogeshe mtoto wala usifue nguo zake. Mfikishe hospitali upesi, kwa maana dawa za kuzuia maambukizo ya VVU zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Fomu ya polisi iitwayo PF3 ni muhimu kwa kesi, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha mtoto kupata tiba. Katika vituo vingi vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba ya simu 116 ya kutoa habari za watoto wanaotendewa ukatili, ambayo hupigwa bila malipo.

Na jambo kama hilo halimalizwi kwa mbuzi na fedha kati ya wazee wawili. Huko ni kumdhulumu mtoto mara ya pili.

MAMA, USIJIDHULUMU

Tulisema tutalirudia neno hili. Kujidhulumu ni kuikanyaga haki yako mwenyewe. Katika kazi yetu tunaliona kila wiki.

Mama mjamzito hupakua chakula, baba akala, watoto wakala, yeye akakomba sufuria. Kisha damu inapungua, na siku ya kujifungua maisha yake yanakuwa hatarini. Mama ana uvimbe katika titi, anaogopa kuwapotezea watu muda, anakuja umekwisha kuwa kidonda. Saratani ya mlango wa kizazi inawaua wanawake wengi katika nchi yetu, ingawa uchunguzi wake huchukua dakika chache tu, na dalili zake za awali zikionekana mapema zinatibika. Kama una miaka 30 au zaidi na hujawahi kupimwa, usingoje mpaka uumwe. Kwa binti zetu, chanjo ya kuzuia ugonjwa huo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Kumkosesha binti chanjo kwa sababu ya uvumi wa mtaani ni kumdhulumu afya yake ya kesho.

Dhuluma huingia mwilini. Huzuni nzito hupandisha presha, huondoa usingizi, na kwa mama anyonyeshaye huweza kuzuia maziwa kushuka vizuri. Yule mama wa kliniki tulimpa vidonge, na vilihitajika. Lakini tulijua kwamba vidonge peke yake visingetosha.

SI KILA KILIO NI DHULUMA

Kwa upande mwingine tusilitumie neno hili ovyo. Mtoto aliyezuiwa kutazama televisheni usiku hajadhulumiwa. Mke ambaye mumewe hakumnunulia kitenge cha sikukuu, huku ada na unga vimepatikana, hajadhulumiwa. Mwanakikundi ambaye zamu yake ya upatu haijafika hajadhulumiwa. Tukiita kila kero dhuluma, siku mjane atakapolia kweli hatutamsikia.

Kabla ya kusema "amenidhulumu", jiulize maswali matatu. Kwanza, ni haki gani hasa iliyochukuliwa, nami naweza kuitaja? Pili, nani aliyekuwa na wajibu wa kuitoa au kuilinda? Tatu, je, alijua akafanya makusudi, au alikosea, au hakuwa na uwezo? Ukipata majibu, utajua kama ni jambo la kusamehe, la kuongea, au la kupeleka mbele.

Maswali hayo hayo yafaa kuulizwa kinyume, jioni watoto wamelala: Je, kuna mtu ambaye haki yake iko mikononi mwangu?

TUFANYE NINI?

1. Tuandike. Andikeni wasia wewe na mwenzako mkiwa wazima, mbele ya mashahidi mnaowaamini. Wasia hauleti kifo, kama vile mwavuli usivyoleta mvua.

2. Tutunze karatasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za saruji na mabati, mkataba wa kiwanja. Viwe na nakala mahali pengine. Mahakamani machozi huhurumiwa, lakini karatasi ndiyo husomwa.

3. Tuongee kabla ya msiba. Katika kikao cha ukoo baada ya mazishi, mjane huwa hana nguvu ya kusema. Kikundi cha akina mama kimpeleke mtu wa kukaa karibu naye, asikilize na aandike.

4. Tutafute msaada. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ofisi ya ustawi wa jamii, Mahakama ya Mwanzo, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo kwa kazi hiyo.

5. Turudishe. Kama tumeshika cha mtu, tukirudishe na hesabu yake. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Mama yule wa kliniki alisindikizwa na wanakamati wawili kwenda Mahakama ya Mwanzo. Mambo hayakwenda upesi. Aliambiwa mengi ya kuumiza, na mama mkwe wake hakumsemesha kwa muda mrefu. Gari halikupatikana, lilikuwa limekwisha uzwa. Lakini nyumba alirudishiwa, naye anaishi humo na watoto wake. Chumba cha mbele amekipangisha.

Juzi alikuja kupima presha, ilikuwa 130 kwa 80. Bado anameza vidonge vyake. Alitusimulia kwamba shemeji yake mdogo aliugua, naye ndiye aliyempikia uji kwa wiki nzima. Tukamwuliza kama amesahau. Akasema, "Sijasahau. Nimemsamehe. Lakini hati ya nyumba nimeificha."

Nasi tukaona kwamba amejibu vema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kunyimwa na kudhulumiwa? Toeni mifano ya mtaani kwenu.
2. Ni dhuluma gani katika jamii yetu imevaa nguo ya mila, ya upendo au ya hisani?
3. Je, msaidizi wako wa kazi anajua mshahara wake ni kiasi gani na unalipwa lini?
4. Kanisa letu humsaidiaje mjane siku 40 baada ya mazishi, watu wakiisha kuondoka?